Kivoi Mwendwa wa Kitui: Amani ya Maagano Katika Nchi Isiyokuwa na Serikali Moja

Utangulizi

Tangu jadi binadamu ameota ndoto mbili ambazo aghalabu husimuliwa kana kwamba ni moja. Ya kwanza ni ndoto ya dunia isiyokuwa na vita. Ya pili ni ndoto ya dunia iliyo chini ya serikali moja. Wengi huziunganisha kwa kudhani kuwa ya pili ndiyo njia ya pekee ya kuifikia ya kwanza: mtawala akiwa mmoja, hatakuwepo jirani wa kupigana naye. Makala haya yanalitazama suala hilo kupitia maisha ya mtu mmoja aliyeishi Ukambani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mtu huyo ni Kivoi Mwendwa wa Kitui.

Wanafunzi wengi wanamjua Kivoi kwa sentensi moja tu ya vitabu vya historia vya shule: kwamba ndiye aliyempa Johann Ludwig Krapf habari za mlima ambao baadaye uliipa nchi yetu jina. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini inamfanya Kivoi kuwa kidole tu cha kuelekeza jicho la mgeni. Maisha yake yalikuwa makubwa kuliko hayo. Aliishi katika nchi isiyokuwa na mfalme, jeshi la kudumu, polisi wala mahakama kuu, naye akaweza kuongoza misafara ya watu na mali kutoka Kitui hadi Mombasa, na pia kuelekea nchi za Mlima Kenya. Aliwezaje? Na kwa nini hatimaye hakuweza? Maswali haya mawili ndiyo kiini cha makala haya.

Nchi aliyozaliwa

Katika masimulizi ya Wakamba, chimbuko lao linahusishwa na mlima Nzaui, ambako inasemekana Mulungu aliwatoa watu wa kwanza. Wanahistoria nao wanakubaliana kwamba milima ya Mbooni ilikuwa kitovu cha makazi ya Wakamba kabla hawajatawanyika. Nzaui na Mbooni zote zimo katika Kaunti ya Makueni ya leo. Kutoka huko, baadhi ya watu walivuka mto Athi kuelekea mashariki na kuanzisha makazi Kitui, hasa katika karne ya 18. Kwa hivyo, Kitui na Makueni ni kama ndugu wawili waliotenganishwa na mto.

Ardhi ya Kitui ilikuwa kame kuliko vilima walivyoviacha. Mvua ilikosekana mara kwa mara, nayo njaa haikuwa mgeni. Mkulima wa Kitui hakuweza kutegemea shamba peke yake, bali alilazimika pia kuwinda, kurina asali na kufuga. Zaidi ya yote, ilimbidi afanye biashara. Katika Kikamba lipo neno kuthuua, lenye maana ya kwenda kutafuta chakula kwa jirani kwa njia ya kubadilishana mali wakati wa njaa. Neno hili lina uzito mkubwa katika mjadala wetu. Mtu ambaye huenda mwakani akahitaji mtama wa jirani hana budi kufikiri mara mbili kabla ya kumrushia mshale mwaka huu. Kwa njia hiyo, ukame uliwafunza Wakamba kwamba jirani ni ghala.

Kuhusu utawala, Wakamba hawakuwa na mtawala mmoja. Familia ziliungana kuwa utui, yaani mtaa wa watu wanaojuana na kushirikiana. Wazee walikaa katika baraza lililoitwa nzama kuamua kesi na kupatanisha waliogombana. Palipokosekana ushahidi, kiapo cha kithitu kilitumiwa. Kithitu kiliogopwa mno, kwani iliaminika kuwa mwenye kuapa uongo angekufa yeye pamoja na jamaa zake. Mhalifu sugu aliyeshindikana aliweza kuuawa na jamii yote kwa pamoja kupitia hukumu ya king'ole, tena baada ya jamaa zake kuridhia. Huu ulikuwa utaratibu kamili wa haki. Hata hivyo, nguvu zake zilikuwa na mpaka. Kithitu kilimtisha aliyekiamini. Yule asiyekijua hakuwa na sababu ya kutetemeka.

Mfanyabiashara na kiongozi

Ni katika mazingira haya ambapo Kivoi aliibuka. Hakurithi kiti cha enzi kwa sababu hakikuwepo kiti cha kurithi. Wageni walimwita chifu, lakini uongozi wake ulijengwa juu ya uwezo, ukarimu na sifa. Watu walimfuata kwa kuwa safari zake zilirudi na mali, na kwa kuwa jina lake liliheshimiwa mbali na nyumbani. Siku heshima hiyo ingetoweka, hakuna sheria ambayo ingewalazimisha kuendelea kumfuata.

Katika miongo ya kwanza ya karne ya 19, Wakamba ndio walioshika biashara ya pembe za ndovu baina ya bara na pwani ya Mombasa. Misafara ya mamia ya watu iliteremka ikiwa na pembe, mifugo na mazao ya nyuki, na kupanda ikiwa na nguo, shanga, nyaya za shaba na chumvi. Katika njia hiyo msafara ulipita katika nchi za watu wengi wa lugha na mila mbalimbali. Baada ya njaa kali ya mwaka 1836, baadhi ya Wakamba walihamia karibu na pwani na kujenga vijiji miongoni mwa Wamijikenda, hususan pande za Rabai. Vijiji hivyo vilikuwa vituo vya biashara, lakini pia vilikuwa ushahidi kwamba watu wasiokuwa na serikali moja wanaweza kukubaliana kuishi pamoja.

Usalama wa mfanyabiashara wa aina ya Kivoi ulitegemea maagano. La kwanza lilikuwa agano la damu, ambapo watu wawili wa makabila mbalimbali walichanjiana na kuwa ndugu. Kuanzia siku hiyo, kila mmoja alikuwa na nyumba katika nchi ya mwenzake, na kumdhuru mgeni wa ndugu huyo kulikuwa sawa na kumdhuru ndugu mwenyewe. La pili lilikuwa agano la ukarimu, yaani mgeni aliyekula chakula cha mwenyeji alikuwa chini ya ulinzi wake. La tatu lilikuwa faida yenyewe, kwani aliyemwibia mfanyabiashara leo alijua kuwa kesho hataletewa nguo wala chumvi. Nyuzi hizi tatu, zikisokotwa pamoja, ndizo zilizokuwa kamba ya amani kutoka Kitui hadi baharini.

Hata hivyo, itakuwa kumkosea msomaji kumchora Kivoi kama malaika. Krapf, ambaye maandishi yake ndiyo chanzo kikuu cha habari za mtu huyu, anaeleza kuwa Kivoi alikuwa na wake wengi na watumwa. Pembe alizoziuza zilikuwa sehemu ya biashara ambayo, katika soko la Zanzibar chini ya Sayyid Said, ilikwenda sambamba na ile ya binadamu. Amani ya maagano iliwakinga waliokuwa ndani ya agano, ilhali mateka, mtumwa na mtu asiyekuwa na ndugu hawakuwa na sauti katika nzama. Yeyote anayetaka kuitamani amani ya zamani anapaswa kulikumbuka hilo.

Mgeni kutoka Rabai

Mwezi Novemba mwaka 1849, Krapf aliondoka Rabai, alipokuwa akiishi na mwenzake Johannes Rebmann, na kuelekea Ukambani. Alipita Kikumbuliu, eneo ambalo leo liko pande za Kibwezi katika Makueni, akavuka mto Athi na kufika kwa Kivoi mwishoni mwa mwezi huo. Kivoi alimpokea vyema. Alimweleza habari za nchi zilizo mbele, mito yake na watu wake, na pia habari za mlima mkubwa wenye kitu cheupe kileleni ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuona. Tarehe 3 Desemba 1849, mawingu yalipofunguka, Krapf aliuona mlima huo kwa macho yake akiwa Kitui. Jina aliloliandika alilipata kwa Wakamba, na wengi hulihusisha na neno la Kikamba linalomtaja mbuni dume, ndege mwenye manyoya meusi na meupe.

Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, mkutano huu una maana ya ziada. Mwaka 1850, mjini Tübingen nchini Ujerumani, kulichapishwa kitabu cha Krapf cha sarufi ya Kiswahili pamoja na orodha yake ya msamiati wa lugha 6 za Afrika Mashariki, Kiswahili na Kikamba zikiwa miongoni mwake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Msamiati uliokusanywa katika safari na mazungumzo na watu wa bara na wa pwani ukawa hatua mojawapo ya kwanza za kukiweka Kiswahili katika maandishi ya kitaaluma ya Kizungu. Lugha ya misafara ilikuwa imeanza kuwa lugha ya vitabu.

Inafaa pia kuulinganisha ukarimu wa Kivoi na fikra za wakati wake huko Ulaya. Mwaka 1795, mwanafalsafa Immanuel Kant alichapisha insha kuhusu amani ya kudumu. Alipendekeza kuwa mataifa huru yafungamane kwa mkataba, kwamba mgeni anayefika kwa amani asitendewe kama adui, na alitumaini kuwa moyo wa biashara ungewafundisha watu kuikwepa vita. Aliogopa, hata hivyo, kwamba dola moja itakayozimeza nyingine zote ingegeuka kuwa udhalimu. Kivoi hakumsoma Kant, na Kant hakupata kuisikia Kitui. Lakini mambo ambayo mmoja aliyaandika kama matumaini, mwingine aliyaishi kama kazi ya kila siku. Tofauti ni kwamba mwandishi wa insha anaweza kuiwekea amani mipaka ya maneno, ilhali kiongozi wa msafara hukutana na mipaka ya kweli, tena yenye mishale.

Kifo ukingoni mwa agano

Mwezi Julai mwaka 1851, Krapf aliondoka tena Rabai akinuia kuanzisha kituo cha misheni Yatta. Njiani, katika nyika isiyokuwa na wenyewe, msafara wake ulishambuliwa na wanyang'anyi na kunusurika. Mpango wa Yatta haukufaulu, naye akaendelea mpaka kwa Kivoi. Mwezi Agosti, Kivoi alifunga safari kuelekea mto Tana pamoja na watu wake, Krapf akiwa miongoni mwao.

Walipokuwa karibu na mto, walivamiwa na kundi la watu wenye silaha. Msafara ulitawanyika. Kivoi aliuawa pamoja na baadhi ya waliokuwa naye. Krapf alitoroka akiwa peke yake, bila chakula wala maji. Alipoufikia mto, alijaza maji katika mfuko wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, kisha akaanza kurudi akitembea usiku na kujificha mchana. Alipowafikia jamaa za Kivoi, hakupokewa kwa pole. Walimlaumu kwa kifo cha mwenyeji wake, wakamwona kuwa alipaswa kumkinga au kufa pamoja naye. Akihofia maisha yake, alitoroka tena usiku na hatimaye akafika Rabai.

Msomaji wa leo anaweza kuiona lawama hiyo kuwa ukatili au ushirikina. Lakini tukiitazama kwa mizani ya maagano, ina mantiki yake. Kivoi alikuwa amempa Krapf ulinzi wa nyumba yake. Mgeni naye, kwa upande wake, alidaiwa uaminifu uleule. Agano ni la pande mbili. Krapf alikuja na desturi nyingine, ambayo kwayo aliyenusurika hushukuru Mungu na kwenda zake. Watu wawili walioheshimiana sana, kumbe hawakuwa wameapa kiapo kimoja.

Mahali alipofia Kivoi panaeleza mengi kuliko namna alivyokufa. Hakuuawa nyumbani, wala katika njia ya Mombasa aliyoizoea. Aliuawa katika eneo la ukingoni, ambako udugu wa damu ulikuwa haba na kithitu cha Kitui hakikumtisha mtu. Amani yake haikuvunjika kwa kuwa ilikuwa ya uongo. Ilifika mwisho kwa kuwa ilikuwa na mwisho, kama vile mwanga wa koroboi unavyofika ukutani na kukoma. Tena ilikuwa amani iliyobebwa na watu binafsi. Mwenye jina alipoanguka, msafara wake haukuwa na la kuusimamisha. Katika miongo iliyofuata, misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilizidi kuingia bara, na Wakamba wakapoteza nafasi waliyokuwa nayo katika biashara ya pembe.

Serikali moja ilipofika

Mwaka 1895, Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya Afrika Mashariki, na mwaka 1920 koloni hilo likaitwa Kenya. Kwa mara ya kwanza, Kitui, Mbooni, Kikumbuliu, Rabai, Mombasa na nchi za ng'ambo ya Tana zilikuwa chini ya serikali moja. Kwa kiasi fulani, jambo ambalo Kivoi alilikosa lilipatikana: mkono mmoja uliofika kila ukingo. Nalo jina la serikali hiyo likawa ni lile lile alilomtajia mgeni wake kuhusu mlima. Watu ambao hawakuwahi kuwa na mtawala mmoja ndio walioipa serikali moja jina.

Lakini je, vita vilikwisha? Serikali hiyo iliingia kwa bunduki na kodi wala haikuomba agano. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, maelfu ya Waafrika, Wakamba wakiwemo, walichukuliwa kuwa wapagazi na askari katika mapigano ambayo chanzo chake kilikuwa Ulaya. Mababu wa watu hao walikuwa wamebeba pembe kwenda pwani kwa hiari na kwa faida yao. Wajukuu sasa walibeba risasi kwa amri, na wengi hawakurudi. Mwaka 1938, serikali ilipowanyang'anya Wakamba wa Machakos mifugo kwa kisingizio cha kuhifadhi udongo, maelfu yao waliandamana hadi Nairobi, na kiongozi wao Muindi Mbingu akahamishiwa Lamu. Serikali moja ilikuwa imepunguza vita vidogo vya majirani, na wakati uo huo ikawafungulia watu mlango wa vita vikubwa wasivyovijua.

Hapa ndipo hofu ya Kant na mkasa wa Kivoi vinapokutana. Maagano bila serikali hayafiki mbali. Serikali bila maagano hufika mbali, lakini haina mizizi. Ya kwanza humwacha msafiri auawe ukingoni, na ya pili huugeuza ukingo wote kuwa kambi ya jeshi.

Funzo kwa zama zetu

Suala hili si la makumbusho tu. Tarehe 5 Juni 1963, Julius Nyerere, Milton Obote na Jomo Kenyatta walitangaza jijini Nairobi nia ya kuunda shirikisho la Afrika Mashariki. Shirikisho hilo halikuzaliwa. Jumuiya iliyoundwa mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977, ikafufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 1999 na kuanza kutumika mwaka 2000. Mkataba huo unafuata mpangilio ambao Kivoi angeuelewa: kwanza forodha, kisha soko la pamoja, halafu sarafu moja, na mwishowe shirikisho la kisiasa. Biashara hutangulia, serikali hufuata.

Hata hivyo, biashara na uanachama havitoshi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, lakini Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa na waasi wa M23. Karibu zaidi na nyumbani, upande wa mashariki wa Kitui, kuelekea Tana, umeendelea kushuhudia migogoro ya malisho na maji baina ya wakulima na wafugaji wa ngamia, watu ambao wote ni raia wa taifa moja. Ukingo ambao Kivoi hakuuvuka salama mwaka 1851 haujapona kabisa, ijapokuwa pande zake zote zinaimba wimbo mmoja wa taifa. Ramani imeungana, lakini wenye visima na wenye mifugo bado hawajaapa pamoja.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Kivoi Mwendwa ni zaidi ya kielekezi cha mlima. Aliishi kwa kufunga maagano na watu wasiokuwa wa lugha yake, akapata amani iliyowalisha wengi wakati wa njaa, na akafa pale ambapo maagano hayo yalikoma. Maisha yake yanamkosoa anayedhani kuwa amani haiwezekani pasipo mtawala mmoja, na kifo chake kinamkosoa anayedhani kuwa wema wa majirani unatosha bila sheria inayowafikia wote.

Dunia isiyokuwa na vita, basi, haitapatikana kwa kuchora mpaka mmoja mkubwa kuzunguka mipaka midogo. Itahitaji sheria yenye urefu wa serikali na uzito wa kithitu: inayomfikia mtu wa mbali, na ambayo mtu huyo anaiheshimu kwa kuwa naye alikuwepo ilipoapwa. Kazi hiyo inahitaji lugha ambayo pande zote zinaimiliki. Kiswahili kilipita katika njia za misafara kabla ya serikali yoyote ya kisasa kupita. Sisi tunaokisoma na kukifundisha tumerithi chombo cha kufungia maagano, na ukingo wa Tana bado unayasubiri.